Habari za Wagonjwa katika Njia Panda ya Msata

Msafiri atokaye Bagamoyo mjini kwa njia ya lami, akiisha kupita mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, hufika Msata baada ya mwendo wa kilomita 64. Hapo njia yake hukutana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na kutoka huko hadi Tanga, Moshi na Arusha. Mabasi husimama, wauzaji hukimbilia madirishani, madereva wa malori hunywa chai, na watu wa mikoa mingi huketi benchi moja kwa muda wa robo saa, kisha kila mmoja hushika njia yake. Njia panda ya namna hii ni neema kwa mwenye biashara. Lakini yafaa kuutazama na upande wake wa pili. Mtu mmoja mwenye kukohoa akinywa chai hapo asubuhi, usiku yu Arusha. Na yule aliyeketi karibu naye yu kwao Bagamoyo, akiwapakata watoto wake.

Wenyeji wa pwani hii hawakuanza jana kuona maradhi yakisafiri pamoja na watu. Zamani za misafara, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja na katika miji ya mrima. Siku zile alikuwapo Unguja daktari mmoja Mskochi, jina lake James Christie. Alipoona watu wakifa hakuridhika kusema tu kwamba ugonjwa umekuja. Alitaka kujua umekuja kwa njia gani. Wala hakuwa na maabara ya kumpa jibu. Basi aliuliza. Aliwauliza wenye misafara na wafanya biashara walikopita, mwezi gani, na ni wapi walipoona watu wameanza kufa. Kwa maulizo hayo alitambua kwamba ugonjwa ulishuka kutoka bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ndipo ukavuka bahari kwenda Unguja. Habari hizo alizitia katika kitabu kilichochapwa mwaka 1876, nacho husomwa na wataalamu hata leo. Ni yeye pia aliyeandika habari za homa ya kuvunja viungo iliyoenea Unguja mwaka 1870 na 1871, ambayo wazee walikwisha kuijua tangu ujana wao na kuiita kidinga pepo. Kumbe kumbukumbu za wazee wetu nazo zilikuwa daftari, ijapokuwa hazikuwa na karatasi!

Kazi hiyo ya kuuliza, kuhesabu na kupeleka habari ndiyo tutakayo kuieleza mwezi huu. Siku hizi huitwa ufuatiliaji wa magonjwa, na wengi hudhani ni kazi ya mabwana wakubwa wa Dar es Salaam au Dodoma. Sivyo. Huanza katika zahanati ya kijiji, na kwa kweli huanza nyumbani kabla ya zahanati.

Mwaka 1998 nchi za Afrika zilizo katika Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuunganisha taarifa za magonjwa yote ya kuambukiza, na Tanzania ikaufuata mpango huo. Magonjwa mengine hutolewa habari papo hapo, isipite siku moja: kipindupindu, surua, homa ya uti wa mgongo, tauni, kimeta, mtoto aliyepooza ghafula, na homa zile za kutoka damu. Mengine huhesabiwa kila juma. Hesabu hutoka zahanati, huenda kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, ambayo kwa watu wa Msata ni ya Chalinze, kisha mkoani Pwani, kisha Wizara ya Afya. Na hapa kuna jambo dogo lipendezalo: juma lisilo na mgonjwa hata mmoja nalo huandikwa, kwa sifuri. Daftari tupu halisemi neno. Sifuri yasema kwamba mtu alitazama, wala hakuona.

Ugumu hauko katika kipindupindu, maana ugonjwa ule hujitangaza wenyewe kabla jua halijachwa. Ugumu uko katika homa. Kwetu sisi watu wa pwani, mtoto akichemka mwili, neno la kwanza ni malaria. Bibi husema hivyo, jirani husema hivyo, na muuza dawa dukani hukubali upesi. Lakini mwaka 2008 waganga waliwapima kwa uangalifu watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapwa mwaka 2014. Malaria ilionekana kwa kadiri ya mtoto mmoja katika kumi. Waliozidi nusu walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi, na mengi ya hayo yaletwa na virusi, homa ya mafua makali ikiwa mojawapo. Hebu fikirini, wazazi, ni vidonge vingapi vya malaria vimemezwa bure katika nyumba zetu, na ni mafua mangapi yamepita mlangoni yakivaa jina la mwenzake.

Homa hiyo ya mafua, ambayo matabibu huiita influenza, si kamasi za siku mbili. Mwishoni mwa mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ikimalizika, ilipita katika nchi yetu ikifuata meli, reli na wapagazi waliorudi makwao, ikaua watu wengi mno. Na kirusi chake hubadili umbo kila mwaka, hata mwili uliomzoea wa mwaka jana haumtambui wa mwaka huu. Kwa sababu hiyo yapasa kutazamwa daima. Mwaka 2008 Tanzania ilichagua hospitali chache kuwa mahali pa kulindia zamu, Mwananyamala ikiwa mojawapo. Mgonjwa ajaye na kikohozi na homa ya digrii 38 au zaidi, isiyopita siku kumi tangu kuanza, huombwa kijiti chenye pamba kipitishwe puani na kooni mwake. Kipimo hutiwa katika kichupa, huwekwa penye baridi ya digrii 2 hadi 8, kisha hupelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha anza ilipofika Julai 2009, mwezi ambao mgonjwa wa kwanza wa influenza mpya ya mwaka ule alitangazwa nchini. Waliokuwa zamu walijua la kufanya. Na matokeo hayabaki Dar es Salaam tu: vituo vya namna hii vya duniani kote vimeunganishwa tangu mwaka 1952, na kila Februari na Septemba wataalamu hukutana wakayatazama yote, ili waamue chanjo ijayo ifanywe kwa virusi gani.

Sasa tuseme neno ambalo si tamu. Mgonjwa wa kwanza wa Korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei hesabu ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha hesabu ikanyamaza kwa muda uliozidi mwaka mmoja. Ugonjwa haukunyamaza. Watu walizika, wakawa hawajui kama wanazika kwa nimonia au kwa kitu gani, na mwenye baba mzee nyumbani hakuwa na neno la hakika la kumwongoza. Mwaka 2021 taarifa zilianza tena kutolewa, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu. Hatuyasemi haya ili kumshitaki mtu. Twayasema kwa kuwa wako wanaodhani kwamba kuhesabu wagonjwa ni kuleta hofu. Sisi twaona hofu iliyokuwako mwezi usio na hesabu ilikuwa kubwa kuliko ya mwezi wenye hesabu mbaya.

Na walakini nchi hii hii imeonyesha jinsi kazi ifanywavyo vema. Machi 2023, katika vijiji vya Bukoba Vijijini mkoani Kagera, watu wa nyumba zilizo karibu walianza kufa kwa homa, kutapika na kutoka damu, na mhudumu mmoja wa afya akawa miongoni mwao. Habari zilipelekwa, vipimo vikachukuliwa, na tarehe 21 Machi serikali ikatangaza kwamba ni ugonjwa wa Marburg, ambao haukuwahi kuonekana Tanzania. Watu wote waliowagusa wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja, wakatazamwa kila siku. Wagonjwa wote walikuwa tisa, na waliokufa sita. Tarehe 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Ugonjwa ule ni mkali, nao ungaliweza kupanda basi.

Basi na tuirudie njia panda yetu. Mama mwenye duka la chai huona mengi kuliko mganga: huona ya kuwa vijana wa stendi wanne wamelala juma moja. Mwalimu akiita majina asubuhi, akakuta watoto kumi na wawili wa darasa moja hawapo kwa kikohozi, ameshika mkononi habari ambayo zahanati haijaipata. Mfugaji aonaye kuku wake wakifa kwa mkupuo naye ana habari, maana influenza nyingine hutoka kwa ndege. Hawa hawatakiwi kujua jina la ugonjwa. Watakiwa kumwambia mhudumu wa afya wa kitongoji chao, au kwenda zahanati, au kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, isiyo na malipo. Mbona basi hawasemi? Twajua sababu. Mmoja aogopa duka lake litafungwa, wa pili aogopa kuambiwa kuwa nyumba yake imelogwa, wa tatu alikwisha kusema mwaka jana, wala hakuna aliyemrudishia jibu.

Huyu wa tatu ana haki, na kwake twaiona kasoro ya mpango wote. Habari hupanda upesi kama basi la Arusha. Majibu hushuka kwa miguu, na mengi huishia njiani. Muuguzi wa zahanati huandika hesabu yake kila juma asijue kama kuna aliyeisoma. Mzazi aliyekubali mwanawe apitishwe kijiti puani hangojei tena kuambiwa kilionekana nini. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu; mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Dakika kumi zingetosha kusoma pia kuhara kulikuwa kwa wangapi, surua kwa wangapi, na vipimo vilivyopelekwa Dar es Salaam vilijibiwa nini.