Ndege Ndogo za Kongo: Uzito Usiopimwa ni Hatari kwa Abiria na kwa Mfanyakazi

Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wana nchi yenye eneo la kilometa za mraba zaidi ya 2,300,000, lakini barabara za kupitika mwaka mzima ni chache. Kwa hiyo kazi ambayo kwingine hufanywa na lori na basi, huko mara nyingi hufanywa na ndege ndogo. Kampuni yenye ndege mbili tatu hupakia abiria na mizigo pamoja: mama na mtoto wake, mfanyabiashara na magunia ya maharage, makatoni ya dawa na samaki wakavu. Huko Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, ndege zilipata kutua juu ya barabara ya lami mahali paitwapo Kilambo, zikishusha bidhaa na kurudi Goma na mawe ya bati.

Kazi hii ina manufaa makubwa kwa wananchi. Lakini ina hatari yake, na hatari hiyo yafaa ieleweke kwa kila mfanyakazi wa uchukuzi.

Kabla ndege haijaruka, mambo mawili hupimwa. La kwanza ni jumla ya uzito: ndege yenyewe, mafuta, marubani, abiria na mizigo. Chukua mfano wa Let 410, ndege iliyobuniwa Chekoslovakia na ambayo imetumika sana Kongo. Hubeba abiria wasiozidi 19. Ikiwa kila abiria amezidi kilo 10 kuliko alivyoandikwa, ndege imezidi kilo 190. Hiyo ni sawa na kupakia watu wawili au watatu wasioonekana katika hati.

Tena, uzito unaofaa katika uwanja mmoja waweza kuwa hatari katika uwanja mwingine. Goma iko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,500 hivi. Hewa huko ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na ujiji wake wa moto ukafunika sehemu ya njia ya kurukia, ikawa fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa hapo, haikupata nafasi ya kusimama, ikaingia mtaa wa Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakazi wa mtaani ambao hawakuwa na safari yoyote.

Jambo la pili ni mahali uzito ulipowekwa. Kila mvuvi ajua kwamba mtumbwi ambao mzigo wake wote uko nyuma hauendi salama, hata kama mzigo si mwingi. Ndege iliyolemewa mkiani huinua pua, mwendo hupungua, na mabawa hushindwa kuibeba. Ndiyo sababu mizigo hufungwa kwa kamba na nyavu isisogee. Tarehe 25 Agosti 2010 Let 410 ilianguka ilipokaribia kutua Bandundu. Kati ya watu 21 alinusurika mmoja tu. Kwa maelezo yake, mamba aliyefichwa katika mfuko alitoroka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani.

Sasa tuulize: nani hupima? Mwenye ndege hupata fedha kwa kila kilo. Mpakizi hulipwa ujira mdogo, mara nyingi kwa siku. Akiambiwa aongeze gunia moja, akikataa aweza kukosa kazi kesho. Akikubali na ndege ikaanguka, yeye na rubani ndio wa kwanza kulaumiwa.

Sheria haikumwacha peke yake. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zasema ndege isiondoke mpaka rubani aridhike kwamba uzito ni halali, na kwamba mzigo umepangwa na kufungwa vizuri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, humlinda mfanyakazi anayejitoa katika kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba ina hatari kubwa iliyo karibu. Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake huzibana nchi zote wanachama.

Basi mahali popote palipo na ndege za namna hii, tawi la chama lidai mambo manne: mizani inayofanya kazi, hati ya uzito ijazwe kabla injini hazijawashwa, kila mzigo ufungwe, na mfanyakazi anayekataa kupakia kupita kiasi asifukuzwe wala asikatwe ujira. Gunia lililobaki uwanjani leo litasafiri kesho.