Mirolesi mjini, kamera ya mfukoni mlimani: hesabu ya wapiga picha wa Morogoro

Mpiga picha anayeingia ukumbi wa harusi Kihonda na kamera ya mfukoni huulizwa swali moja kabla hajapiga hata picha moja: kamera yenyewe iko wapi? Swali hilo limewatia wengi kwenye madeni. Wapiga picha wa mjini Morogoro wamekuwa wakihamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, zile wanazoziita mirolesi, na walioshindwa kuhama wamebaki na picha za pasipoti na za vyeti. Lakini ukipanda gari la kwenda Mgeta, nyuma ya Uluguru, unakutana na watu ambao bado wanakula kwa kamera ndogo inayoingia mfuko wa shati, na hawadaiwi na mtu.

Nilizunguka kwa wenye kazi hii nikitaka kujua kamera ipi inamlipa mwenye nayo. Karibu wote waliomba wasitajwe, kwa sababu wanaowadai ni majirani zao.

Aliyezungumza kwa kirefu ni mwenye studio ya fremu moja, hatua chache kutoka Soko la Mawenzi. Alianza enzi za filamu ya picha 36, wakati kosa moja lilikuwa hasara moja. Akaja kwenye kamera ndogo ya dijitali, akapitia kamera kubwa yenye kioo, na sasa ana mirolesi ya sensa kubwa aliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika, pamoja na lenzi moja, kwa shilingi milioni 4 na ushee kwa maelezo yake. Sehemu ya fedha alikopa kwenye kikoba.

“Nilidhani nimemaliza,” anasema. “Kumbe nimenunua ng'ombe, majani bado. Lenzi niliyopewa nayo ukumbini haioni. Betri moja haimalizi harusi. Memori kadi ya bei poa inakwama watu wakiwa kwenye keki. Flashi niliyokuwa nayo zamani haikubali kwenye hii mpya. Kila mwezi kuna kitu.”

La betri ni kweli, na wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Kamera yenye kioo ilimwonyesha mpiga picha mandhari kwa mwanga wa kawaida uliopita kwenye lenzi, bila kula umeme. Mirolesi haina kioo hicho, kwa hiyo kila unachokiona ni skrini inayowaka muda wote. Kamera nyingi za aina hiyo hukadiriwa kupiga picha kati ya 300 na 700 kwa chaji moja. Siku ya harusi huanza bibi harusi akiwa saluni na huisha usiku wa manane, na kijana wa video naye anataka kamera hiyo hiyo. Betri tatu ndiyo kiasi cha chini.

Kinachomuuma zaidi mwenye studio huyu ni malipo. Anasema kamati za harusi zinadai kamera kubwa, picha mia tatu zilizohaririwa, albamu na video fupi ya kuweka status, halafu zinataja bei ile ile aliyokuwa akitoza alipokuwa na kamera ya zamani. Ukumbi hulipwa mapema, la sivyo mlango haufunguliwi. Mpishi hulipwa mapema, la sivyo chungu hakipandi jikoni. MC hulipwa kabla ya kushika kipaza sauti. Mpiga picha hupewa advansi na kuahidiwa kilichobaki.

“Jumatatu kamati imevunjwa. Ukimpigia mwenyekiti anakwambia muulize bwana harusi. Bwana harusi anakwambia hilo lilikuwa la kamati. Na mimi siwezi kwenda kumfungia mtu mlango, ni jirani yangu, mtoto wake nilimpiga picha ya ubatizo.” Alivuta droo akanionyesha flashi diski saba, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina la maharusi na tarehe. Ni kazi zilizokwisha ambazo hazijalipiwa. Zamani kuzuia picha kulimfanya mteja aje. Siku hizi wageni wote wana simu, na asubuhi ya pili familia ina picha za kutosha za kutuma kwa ndugu. Silaha yake imekufa, na kamera ya milioni 4 haikumpa nyingine.

Nimempa nafasi kubwa kwa sababu alichokisema nilikisikia tena Msamvu, na tena Mafiga, kwa maneno tofauti kidogo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi wasibaki na kamera ndogo. Jibu liko kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Katika kamera nyingi za mfukoni kipande hicho kina upana wa milimita 6 na kimo kisichofika 5, sawa na ukucha wa kidole cha mwisho. Katika mirolesi za daraja la juu ni milimita 36 kwa 24. Ukizidisha, eneo la pili linapata karibu mara 30 ya la kwanza. Kwenye jua la mchana uwanjani tofauti hiyo huioni kwenye simu. Ukumbini saa tatu usiku, taa zimepunguzwa ili maharusi waingie, ndipo kamera ndogo inapotoa nyuso zenye chenga na weusi uliofifia. Mirolesi inaweza kupiga bila mlio hata kidogo, jambo linalowapendeza mapadri na mashehe, na nyingi zinalifuata jicho la mtu zenyewe hata akitembea.

Ina vituko vyake pia. Kijana mmoja anayekodishwa kwa siku alinionyesha picha za send-off alizopiga bila mlio chini ya taa za LED za rangi. Zilikuwa na mistari myeusi iliyolala kutoka upande hadi upande, kama pazia la mianzi. Taa hizo huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, na sensa husoma picha mstari baada ya mstari, basi baadhi ya mistari huangukia kwenye giza. Dawa ni kurudi kwenye shata ya kawaida yenye mlio, au kurekebisha kasi. Hakuwa amefundishwa na mtu. Alijifunza kwa harusi ya watu.

Kisha kuna vumbi na ukungu, maadui wawili ambao Morogoro inao wote. Lenzi ya mirolesi ikitolewa, sensa inabaki karibu wazi, na upepo wa barabara za Kihonda wakati wa kiangazi hauna huruma. Upande wa milimani tatizo ni unyevu: miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mwenye studio wa Mawenzi alichukua lenzi moja, akaielekeza kwenye balbu na kuniambia nichungulie. Ndani ya vioo palikuwa na nyuzi nyeupe zilizotandaa kutoka ukingoni, mfano wa utando wa buibui. Ni kuvu. Aliipata baada ya msimu mmoja wa kupiga picha za wachumba kwenye njia ya Morningside, lile jengo la enzi ya Wajerumani juu ya mji, na kuirudisha lenzi kwenye begi ikiwa na umande. Sasa anahifadhi vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lenzi ile hainunuliki tena.

Serikali inaiona kazi hii ya picha kwa jicho lingine. Afisa mmoja ambaye kazi yake ni kukuza biashara ndogo mkoani aliniambia kwamba wapiga picha “wamekaa juu ya dhahabu,” na ushahidi wake ulikuwa takwimu ya watalii: wageni kutoka nje walioingia Tanzania walikuwa takriban milioni 1.8 mwaka 2023, wakafika milioni 2.1 mwaka 2024. Takwimu hiyo ni sahihi na ni ya kujivunia. Ila nilipomuuliza wangapi kati ya hao walipanda Uluguru, hakuwa na jibu, na wangapi walimlipa mpiga picha wa Morogoro, hakuwa nalo vilevile. Wageni wengi huenda mbuga za kaskazini na Zanzibar. Wanaokuja hapa kumtafuta ndege asiyepatikana popote duniani ila katika Uluguru, yule tiva wa misitu ya juu, wanakuja na lenzi zao ndefu kutoka kwao. Fedha yao huishia kwa waongozaji, nyumba za wageni na vibali. Kwa wapiga picha sijaiona.

Afisa huyo alitaja pia mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024, na kurejeshwa kwake ni habari njema. Tatizo ni kwamba hutolewa kwa vikundi. Kuku mia mbili wanagawanyika, cherehani tano zinagawanyika. Kamera moja inashikwa na mtu mmoja Jumamosi, siku ambayo wenzake wote nao wana harusi. Kijana wa send-off anasema kikundi chao kilivunjika kabla ya fomu kukamilika, kwa swali hilo hilo la nani ataishika.

Kuna pia jambo la ukubwa wa kamera machoni pa walinzi. Wapiga picha wote niliozungumza nao walisema mwenye kamera ndogo hupita stendi, darajani au lango la msitu akionekana mtu wa kawaida, lakini mwenye mirolesi na lenzi nene huulizwa kibali, hata kama anampiga picha shangazi yake. Na tangu Mei 1, 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inagusa sura za watu kama inavyogusa namba zao za simu. Wengi wenye studio hawajaisoma. Hilo si la kuwalaumu wao peke yao.

Huko Nyandira, kwenye ubaridi wa Mgeta, nilimkuta mzee mmoja ambaye kamera yake ya mfukoni inatumia betri mbili za AA. Anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya soksi. Hapigi harusi za ukumbini. Anapiga ubatizo, wanafunzi waliomaliza darasa la saba, marehemu akiagwa, na mtu anayetaka picha amesimama mbele ya shamba lake la kabeji. “Mwanangu, betri za redio zinakufa upesi sana kwenye hii,” aliniambia, “kwa hiyo nina za kuchaji, nachajia kwenye sola ya duka.” Gari la mboga linaposhuka mjini hulipa nauli, anasafisha picha, na siku ya pili anazigawa mkononi, fedha taslimu. Hana deni la mteja, kwa kuwa hatoi picha kabla ya kulipwa, na huko mtu bado anaitaka picha ya karatasi.

Nilimuuliza kuhusu simu. Alisema simu za vijana zinapiga vizuri mchana, ila ndani ya nyumba isiyo na umeme flashi halisi ya kamera yake inafika ukutani, na lenzi yake inavuta bila kuharibu picha. Hofu yake iko kwingine: lenzi inayotoka na kuingia imeanza kukwaruza kwa vumbi, na kamera kama hiyo hakuna fundi anayekubali kuifungua. Ikifa, imekufa.

Na kuipata nyingine kutakuwa shida. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani, nyingi zikiwa za mfukoni. Mwaka 2023 zote kwa jumla hazikufika milioni 8, na mirolesi ndizo zilizoongoza. Simu iliua daraja la chini, watengenezaji wakakimbilia juu ambako faida ipo. Kamera za mfukoni zimeongezeka kidogo tangu 2024, vijana wa nje wakizipenda kwa mwonekano wa zamani, lakini hilo huenda likapandisha bei ya mtumba Kariakoo kuliko kumsaidia mzee wa Nyandira.

Mjini, mashindano yamebadilika tangu treni ya SGR ianze kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Safari ni chini ya saa mbili. Mwenye studio wa Mawenzi anasema wapiga picha wa Dar wanashuka asubuhi, wanafanya harusi, wanalala, wanarudi. Kwa upande wa pili, yeye mwenyewe sasa anapeleka kamera kwa fundi Kariakoo na kurudi siku hiyo hiyo, jambo lililokuwa likimla siku mbili. Nani atafaidika zaidi ni mapema kusema. Mji wenye watu zaidi ya 470,000 kwa sensa ya 2022, wenye vyuo na mahafali yake, hauwezi kukosa kazi. Lakini kazi hiyo ina majira. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima vilianza ndani ya wiki moja mwezi Machi, na kwa mwezi mzima mwenye mkopo hakuwa na harusi ya kulipia marejesho.

Hukumu yangu ni hii. Mirolesi inashinda kwa picha, na anayetaka harusi za mjini hana njia ya kuikwepa. Ila anunue daraja la kati lililotumika, fedha inayobaki aiweke kwenye lenzi moja inayokusanya mwanga na betri tatu, na mkopo wake usizidi kile ambacho miezi yake mibovu inaweza kulipa. Wa milimani aitunze ndogo aliyo nayo kadiri itakavyokwenda. Na kamati zinazokaa sasa kupanga harusi zao ziweke fungu la mpiga picha kwenye bahasha yake tangu kikao cha kwanza, na zimkabidhi kabla hajatoa kamera kwenye begi, kama zinavyomfanyia mpishi.