Miti ya kivuli mu shamba la kakao: ipi ikatwe, ipi ibaki, ipi ipandwe?



Watu wengi wa Kamango walikimbia vita, wengine mpaka Bundibugyo mwaka wa 2013. Mwenye kurudi anakuta shamba limekuwa pori. Wazo la kwanza ni kushika panga na kufyeka yote. Tunawaomba: mungojee kidogo. Shamba la kakao lenye jua tupu linakauka, na wadudu wenye kuleta matunda wanapotea.

Nani anazalisha maua?

Kakao: hapana nyuki. Ua lake ni dogo sana, na kazi inafanywa na vidudu vidogo kama mbu wadogo. Vinazaliwa mahali pa kivuli na maji-maji: ndani ya majani yenye kuoza na vigogo vya ndizi vilivyokatwa. Ua lisilopata kidudu linaanguka kisha siku moja ao mbili. Kwa hiyo usifagie chini ya kakao mpaka udongo ubaki mtupu. Kata vigogo vya ndizi vipande-vipande, uviache vioze humo. Lakini matunda yenye ugonjwa wa kuoza meusi yaondolewe mbali, yasiambukize mengine.

Kahawa ya robusta: mti hauwezi kujizalisha kwa unga wa maua yake wenyewe. Upepo na nyuki ndio wanaleta unga wa mti mwingine. Panda robusta za aina mbalimbali pamoja.

Vanila: huku kwetu inazalishwa kwa mkono, ua kwa ua, asubuhi. Nyuki hawatakusaidia.

Miti gani?

Ndani ya shamba, acha albizia: kivuli chake ni chepesi na inaongeza nguvu ya udongo. Glirisidia ni nzuri pia, na vanila inaweza kupanda juu yake. Ndizi inafaa kwa kakao changa, ikingojea miti mikubwa ikue.

Pembeni, panda kaliandra. Inakua mbio, nyuki wanapenda maua yake, mbuzi na sungura wanakula majani. Ongeza avoka, machungwa na grevilea: nyuki wanapata chakula, na wewe unapata matunda na mbao. Mikaratusi inatoa asali, ni kweli, lakini inakunywa maji mengi. Iwe mbali na kakao.

Chini ya kivuli, iliki inafaa sana: inapenda kivuli, na maua yake yanahitaji nyuki. Tangawizi inavumilia kivuli chepesi. Maharagi hapana, yanataka jua. Mrehani, ile wengine wanaita lumbalumba, ipandwe kwenye njia, pale jua linafika. Nyuki hawaachi maua yake.

Kivuli kiasi gani?

Simama mu shamba saa sita ya mchana, angalia chini. Kakao changa inataka kivuli kingi. Ile imeanza kuzaa, udongo uonyeshe madoa ya jua na ya kivuli. Kukiwa giza tupu, kata matawi, kwa sababu unyevu mwingi unaleta kuoza meusi. Kukiwa jua tupu, panda.

Mizinga na dawa

Weka mizinga pembeni ya shamba, mbali na nyumba, masomo na njia ya watu, karibu na maji safi. Usipulizie dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Ikilazimika, fanya jioni, nyuki wakiisha kurudi, na uonye jirani mwenye mizinga. Dawa ya shamba moja inaweza kumaliza nyuki za kikundi kizima.

Kazi ya mwezi huu: kila kikundi kitembelee shamba moja. Kabla ya panga kuingia, fungeni kamba kwenye miti ya kubaki. Mti unakatwa kwa saa moja. Kivuli chake kinangojewa miaka.