Soya ya Bunia na Siku ya Kupanda

Mkulima wa Ituri aulizwapo kwa nini soya yake haikumlipa, aghalabu hutaja bei ya soko la Bunia, au mvua iliyokatika kabla ya wakati wake, au wezi, au vita, na yote hayo ni kweli tupu. Lakini ni nadra aitaje mbegu yenyewe na siku aliyoitia ardhini, ilhali katika mashamba mengi hasara ilikwisha kuingia siku hiyo hiyo, kabla jani la kwanza halijachomoza, na yaliyofuata, palizi na mavuno na mizani ya mchuuzi, yalikuja kuithibitisha tu.

Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, iko kaskazini mwa ikweta kwa digrii moja na nusu hivi, juu ya uwanda wa majani unaopita kimo cha mita 1,200, nayo imeruzukiwa misimu miwili ya mvua: mmoja huanza Machi, wa pili huanza Agosti na kuendelea mpaka Novemba, kisha kiangazi hushika Desemba hadi Februari. Soya huhitaji miezi mitatu na nusu au minne tangu kuota hadi kukauka, kwa hiyo hesabu ya mwenye busara haianzii kwenye mvua ya kwanza, bali huanzia kwenye mavuno na kurudi nyuma. Apandaye katikati ya Agosti hukuta maganda yake yamekauka Desemba, punje zikiwa safi na ngumu. Apandaye Oktoba huiacha mimea ikijaza punje wakati mvua zimekwisha kuaga. Fauka ya hayo, shamba lililochelewa hupokea kutu ya majani, maradhi yaliyotambuliwa Uganda mwaka 1996, ambayo vumbi lake huchukuliwa na upepo kutoka mashamba yaliyotangulia, na ambayo kwa ajili yake Chuo Kikuu cha Makerere kilizalisha mbegu za jamii ya Maksoy zenye kuyastahimili.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila kelele. Punje ya mahindi, ikihifadhiwa pakavu, humvumilia mwenyewe; punje ya soya, kwa kuwa sehemu yake ya tano ni mafuta na ganda lake ni jembamba, haina subira hiyo, bali joto na unyevu wa ghala huiua polepole, nayo kwa sura hubaki vile vile, ya manjano, yenye kung'aa, ikamhadaa mwenyewe mpaka shambani. Njia ya kuijua ni nyepesi mno, hata nastaajabu kwamba wengi huiacha. Hesabu punje 100 pasipo kuchagua, uzipange juu ya kitambaa kilicholowa, ukikunje, ukiweke kivulini na kukinyunyizia maji kila siku, kisha siku ya saba ukifungue: utaona nyingine zimetoa mzizi mweupe ulionyooka, nyingine zimevimba na kuoza, nyingine zimetoa kijimkia kilichopinda kisichofika popote, na hizi za mwisho usizihesabu. Zikiota 80, panda bila wasiwasi. Zikiota 60, piga hesabu upya, kwani hekta iliyopandwa kwa mistari ya sentimita 50, mashimo yakiachana sentimita 10 na punje mbili kila shimo, humeza punje 400,000, yaani kilo 60 hivi kwa mbegu ya ukubwa wa wastani. Na ili mbegu dhaifu ikupe mimea ile ile ambayo mbegu nzuri ingekupa, sharti utie kilo 80. Zikiota chini ya nusu, hiyo si mbegu tena. Isage ule uji.

Misimu yetu miwili imetuondolea taabu ambayo wenzetu wa nchi za msimu mmoja wanayo, kwani hatulazimiki kuilaza mbegu mwaka mzima: ya Desemba hupandwa Machi, na ya Julai hupandwa Agosti. Ile ya Desemba ndiyo bora, maadamu imekaukia juani, ilhali ya Julai mara nyingi hunyeshewa ingali shambani.

Asili ya mbegu nayo ina neno lake. Soya huchanua kwa kufuata urefu wa usiku, na mbegu iliyozoea Illinois, huko Marekani, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu mno, ikiletwa Ituri, ambako mchana na usiku hukaribia saa 12 kila mmoja mwaka mzima, huchanua ingali fupi, haijapata matawi ya kubebea maganda. Basi soya ya gunia lililotoka mbali ni ya chungu. Utafiti wa mazao ya nyanda hizi si jambo la jana: INEAC, shirika la kilimo lililoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, lilikuwa na kituo Nioka, upande wa Mahagi, na mrithi wake leo ni INERA; kwa hiyo mbegu iliyojaribiwa katika kimo na udongo kama wetu ndiyo ya kutafutwa, hata ikiwa ghali.

Wengi wamesikia kwamba soya huulisha udongo, lakini wachache wamechungulia kama inafanya kazi hiyo. Ing'oe taratibu inapochanua, uoshe mizizi, kisha upasue kwa ukucha vile vifundo vidogo: vikiwa vyekundu ndani kama nyama, bakteria wanaoulisha udongo wamo kazini; vikiwa vyeupe au vya kijani, wamelala, na msimu ujao mbegu ipakwe dawa yenye bakteria hao, kivulini, ipandwe siku ile ile. Hata hivyo mavuno huondoka na sehemu kubwa ya neema hiyo ndani ya punje, na anayeng'oa mimea na mizizi yake kisha akaichoma uani hawezi kudai kwamba amelirutubisha shamba.

Kina cha shimo kisizidi sentimita 4, maana mche wa soya huinyanyua punje yenyewe juu ya ardhi, na udongo mzito ulioshindiliwa na mvua huuvunja shingo. Mistari, kwa wale wanaoiona kuwa kazi ya bure, hulipa wakati wa palizi, kwa kuwa jembe hupita pasipo kubahatisha, na majani hufunga nafasi kabla ya magugu. Mwenye kumwaga mbegu kwa mkono hulipa vibarua siku nyingi zaidi kwa shamba lile lile.

Haya yote yana uzito zaidi kwa waliolikimbia eneo la Djugu tangu machafuko yaliyoanza upya mwishoni mwa mwaka 2017, ambao hulima vipande vya kukodi kando ya mji. Zao la miezi minne humfaa mtu asiyejua atalala wapi mwakani kuliko mihogo ingojayo mwaka na zaidi, lakini mtaji wake ni kidogo, na mbegu iliyokufa humla kodi, vibarua na msimu kwa pamoja. Huyo tena ndiye hulazimika kuuza mavuno ya Julai mara tu apurapo, soko likiwa limejaa, kwani Septemba shule hufunguliwa. Wachache wakiunganisha magunia yao hupata kupakia gari moja na kuuza kwa kilo, badala ya kopo ambalo mnunuzi hulirundika juu kwa mikono yake mwenyewe. Na kabla ya gari hilo kufika, mbegu ya kupanda iwe imekwisha kupimwa na kutengwa, kwani ikiwa bado imechanganyika na ya kuuzwa, itauzwa nayo.