Mistari ya Uwele Ielekee Upande Gani?

Wengi wetu tunalima uwele, iwe nyumbani au katika shamba la parokia. Tunahangaikia mbegu bora na kupanda mapema, lakini ni mara chache tunajiuliza mistari ielekee wapi. Uamuzi huu hauhitaji fedha, nao unagusa mavuno. Mambo ya kutazama ni mawili: jua na mteremko.

Tuanze na jua. Mistari ikielekea kaskazini na kusini, jua la asubuhi hupiga ubavu mmoja wa mimea, na la jioni hupiga ubavu wa pili. Ikielekea mashariki na magharibi, katika nchi zilizo karibu na ikweta jua husafiri likifuata mistari, na mwanga mwingi huangukia udongo ulio wazi katikati. Udongo hukauka upesi na magugu hunufaika. Mbali na ikweta mambo hugeuka, kwa sababu huko jua la majira ya baridi hupita chini, upande mmoja wa anga. Ndiyo maana magharibi mwa Australia ngano iliyopandwa mashariki na magharibi huyatia magugu kivuli. Ushauri wa kule tusiuchukue kama ulivyo.

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kwenye tambarare, basi, kaskazini na kusini ni chaguo zuri. Hata hivyo faida yake si kubwa, na hupungua kadiri uwele unavyochipua na majani kufunika nafasi.

Mteremko una uzito zaidi. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mvua ya milimita 20 tu humwaga lita zipatazo 80,000 katika ekari moja. Mistari ikishuka na mteremko, kila nafasi kati ya mistari hugeuka mfereji: maji huondoka pamoja na udongo wenye rutuba, na ukame mfupi wa Februari hukuta mizizi haina akiba. Kondoa walilijua hilo kwa uchungu. Makorongo yalikula mashamba hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973.

Kwa hiyo, penye mteremko panda kwa kukingama, ukifuata kontua, hata kama mistari italala mashariki na magharibi. Kontua hupimwa kwa miti miwili iliyolingana, iliyofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kileleni. Uzi ukisimama katikati ya mti wa kukingama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Weka mambo, sogea mbele, pima tena.

Ukitumia matuta, weka vizuizi vya udongo kati yake kila baada ya mita moja au mbili, ili maji yatulie na kuzama. Kwanza tuyazuie maji; jua tunalo la kutosha.