Kabla Hujalipia Kifurushi Kikubwa, Tizama Ruta Imekaa Wapi

Nyumba nyingi ninazoingia hapa Mombasa siku hizi zina intaneti ya waya, na karibu kila moja ina chumba ambacho mtandao haufiki. Kwa kawaida ni kile cha mwisho, ambacho watoto husomea. Wenyewe wakichoka hupiga simu kwa kampuni, nayo huwauzia kifurushi kikubwa zaidi. Mwezi ukiisha, chumba ni kile kile na bili imepanda.

Kifurushi ni kasi inayofika mlangoni. Kutoka mlangoni hadi kitandani ni kazi ya mawimbi ya redio, na mawimbi hayajui umelipa kiasi gani. Basi fanya jaribio hili kwanza: simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa simu, kisha nenda kwenye chumba chenye shida upime tena kwa simu hiyo hiyo. Kama karibu na ruta kasi ni nzuri na chumbani imeanguka, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Kama hata hapo karibu ni mbovu, wapigie kampuni na usiwaachilie.

Mara nyingi kosa liko pale ruta ilipowekwa. Fundi huiacha waya unapoishia, kando ya mlango au dirisha. Kisha wenyewe huona kile kisanduku kinaharibu sura ya sebule, wakakificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Wengine hukifunika kitambaa cha kufuma, kikapata na joto juu yake. Hapo mawimbi mengi yanakwenda barabarani, na yaliyobaki yanagonga mgongo wa televisheni. Ruta yataka kukaa katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi, antena zikisimama wima. Siku ya kufungiwa, mwambie fundi avute waya hadi hapo kabla hujamtilia sahihi. Ikiwa keshaondoka, usiuvute mwenyewe: waya wa faiba ukikunjwa sana huvunjika ndani.

Wakaazi wa Mji wa Kale wana mtihani wao. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika nusu mita kwa unene, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kutoka ukumbini hadi chumba cha ndani unakata kuta mbili tatu za namna hiyo. Kwenye fleti kuta si nene, lakini kuna nguzo zenye nondo, friji, vioo vikubwa na maji. Maji hunyonya mawimbi, na kwa shida yetu ya mifereji, nani Mombasa hana pipa?

Jirani yangu mmoja wa Tudor hufanya kazi ya kunakili sauti mtandaoni usiku. Faili ikikatika njiani, kazi hupewa mwengine. Alikuwa amepandisha kifurushi mara mbili. Tulipokwenda kutizama, ruta ilikuwa ndani ya kabati la televisheni, na kati yake na meza yake kulikuwa na bafu lenye mapipa mawili ya maji. Tuliipandisha juu ya kabati la koridoni kwa kebo ndefu zaidi. Amerudi kwenye kifurushi chake cha kwanza.

Ruta nyingi za sasa hutoa mitandao miwili. Ule wa gigahezi 5 una kasi lakini huchoka ukutani; ule wa 2.4 hufika mbali zaidi, ila ni wa polepole na kwenye ghorofa umejaa ruta za majirani. Televisheni iliyo karibu ipe wa 5, chumba cha mbali kiachie wa 2.4. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwani hizo tatu haziingiliani. Programu za bure za simu zitakuonyesha ipi ina watu wachache.

Vile vifaa vya kurudia mawimbi, vinavyochomekwa kwenye soketi, sivipendi sana. Watu huviweka ndani ya chumba kisicho na mtandao, navyo havina cha kurudia. Viweke katikati ya safari, na ujue kwamba vile vya bei rahisi hupunguza kasi karibu nusu, kwani hupokea na kutuma kwa masafa yale yale.

Kwa nyumba ya mawe, dawa ni kebo ya mtandao. Huenda hadi mita 100, na hakuna nyumba yetu yenye urefu huo. Ipitishe juu ya fremu za milango kwa vibanio vidogo, bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, na mwisho wake uchomeke ruta ya zamani uliyoiweka stoo. Fundi yeyote wa kompyuta ataipanga itoe mtandao wenye jina na neno la siri lile lile.