Fahamu: Kwa nini bao la ugenini halina tena uzito wa ziada

Mwaka 2021 UEFA ilifuta kanuni ya bao la ugenini, iliyotumika tangu 1965 kuamua mshindi timu zinapolingana kwa jumla ya mabao. Ilikusudiwa kuwapa wageni moyo wa kushambulia; mwishowe wenyeji ndio waliojifungia nyuma, wakihofia kufungwa nyumbani. Wapo wanaolalamika kwamba mtoano umepoteza utamu, wakiikumbuka Roma ilivyoing'oa Barcelona 2018 kwa sare ya jumla ya 4-4. Utamu ulikuwepo, sikatai. Lakini tazama nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2022 dhidi ya Manchester City: Rodrygo aliifungia Real Madrid mawili ndani ya dakika mbili, mchezo ukielekea ukingoni, jumla ikawa 5-5. Kwa kanuni ya zamani Madrid, iliyofunga matatu Manchester, ingepita palepale. City ilipewa dakika 30 zaidi za kujitetea uwanjani, ingawa penalti ya Benzema ilizima yote.